Magogo ya Mateteni

Dereva wa yadi yetu akinasa kwenye tope alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kujinasua. Ya pili, ambayo wengi waliifanya kwa bidii kuliko ile ya kwanza, ni kuficha kwamba alinasa. Aliyachomoa magogo aliyokuwa ameyatandika chini ya matairi, akayatupa mbali na barabara. Shimo alilifukia na kulisawazisha kwa koleo. Akifika kwenye kijito cha karibu aliosha lori mpaka bodi ikang'aa, naye akabadili shati. Ukimwona anaingia getini ungedhani anatoka kanisani.

Walifanya hivyo kwa sababu ya Kambale. Kambale ni samaki anayeishi matopeni, nasi huku tunamjua kwa ndevu zake na kwa jinsi anavyopenda kujificha. Dereva akijulikana kwamba amenasa, alivishwa jina hilo na alikaa nalo mpaka mwenzake anase. Asubuhi wenzake walimsalimia wameweka vidole viwili mdomoni kama ndevu: "Shikamoo, Kambale. Hawajambo huko mtoni?" Akila wali walimwuliza kama amewakinai konokono. Ulikuwa mzaha mzuri, na yadi nzima tuliucheka. Ubaya wake ulionekana mwisho wa mwaka tisini na saba, zilipokuja zile mvua ambazo redio ziliziita za Elinino.

Mimi nilikuwa mwendesha redio ya upepo pale yadini Kasulu. Nilikuwa na chumba kidogo, meza, na dirisha linalotazama geti. Malori yetu yalipeleka unga, maharage na mafuta ya kula kwenye kambi za wakimbizi upande wa Kibondo. Kila jioni saa kumi na moja niliita malori moja moja kwa namba, na kila dereva alisema yuko wapi na njia ikoje. Nilichouliza mmoja walikisikia wote, na alichojibu mmoja walikisikia wote. Kwa hiyo jibu lilikuwa lile lile, liwe jua, iwe mvua: "Njia safi."

Lori namba tatu lilikuwa la Tharsisi, mume wangu. Redioni aliniita "Kasulu" kama madereva wengine, wala hakuongeza neno. Ila akimaliza kuzungumza alibonyeza kitufe mara mbili, kimya kimya, nami nikasikia mikwaruzo miwili midogo. Hiyo ilikuwa salamu yangu. Hakuna mwingine aliyeijua, au kama waliijua waliniheshimu.

Namba tisa lilikuwa la Bazilio, mdogo wake. Bazilio hakuwahi kuitwa Kambale, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Namba saba liliendeshwa na Omary, mtu wa Pangani aliyemfuata mjomba wake mwenye duka hapa Kasulu, akaoa, akabaki. Yeye na Tharsisi walikuwa wakila sahani moja. Omary alizoea kututania sisi watu wa huku kwa salamu zetu za kuinama na kupiga makofi taratibu. Alisema kwao makofi hupigiwa bibi harusi.

Kati ya daraja la Malagarasi na Kibondo barabara inateremka mahali ambapo madereva walipaita Mateteni, kwa sababu chini yake kuna kijito kilichojaa matete. Upande wa mlimani pana mfereji, kwa hiyo malori yote yalishika upande wa bondeni. Jioni moja ya Desemba nilimwita namba saba. Omary alijibu amekwishavuka Mateteni, njia safi. Nikamwita namba tatu. Tharsisi alisema atalala Makere, kesho asubuhi ataendelea. Kisha nikasikia mikwaruzo yangu miwili.

Kesho yake tairi la mbele la namba tatu liliingia upande ule wa bondeni, mahali palipoonekana pagumu kama uwanja wa shule. Lori halikupinduka kwa kishindo. Utingo wake, aliyewahi kuruka, aliniambia lililala polepole, kama ng'ombe anavyolala, na lililalia upande wa dereva.

Tulimzika Rungwe Mpya, kwenye shamba la familia. Baada ya matanga mama mkwe wangu alikuja kukaa nami mjini, kwa sababu Bazilio naye alipanga Kasulu na mama alitaka kuwa karibu na mtoto aliyebaki. Mama huyu alivuka mpaka wa nchi pale Mabamba kama mkimbizi mwaka sabini na mbili, Tharsisi akiwa mgongoni mwake, bado hajaota meno. Bazilio alizaliwa upande huu. Hakuna wengine.

Bazilio alipomwambia kwamba anarudi kazini, kwenye barabara ile ile, mama hakulia. Alimwambia, "Yule nilimvusha mgongoni, nikarudishiwa kwenye turubai. Wewe sikukuvusha popote. Urudi kwa miguu yako."

Bazilio alijibu kwamba yeye hanasi.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na desturi. Ikikaribia saa kumi na moja alikuja yadini na chakula changu kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akaketi kwenye kizingiti cha chumba cha redio. Hakukielewa Kiswahili cha redioni, chenye kukatika katika, lakini alielewa neno tisa. Akisikia namba tisa imejibu, alisimama, akakung'uta kanga, akaenda zake. Nami nilianza kuita namba tisa kwanza, ili asikae sana.

Mwanzoni mwa Januari, siku ya Jumapili, Omary alikuja nyumbani. Nilikuwa uani nachambua maharage. Hakusema hodi kwa sauti yake ya kawaida. Alisimama mbali kidogo, akachuchumaa, akakunja viganja vyake kama bakuli na kupiga makofi taratibu, kama tunavyofanya sisi mbele ya mtu tunayemheshimu. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Nikajua amebeba jambo zito.

"Shemeji," alisema, "siku ile niliyokwambia njia safi, haikuwa safi. Nilinasa Mateteni. Nimekaa pale toka adhuhuri. Nikakata magogo, nikatandika, nikatoka. Halafu nikayatupa kule kwenye matete. Shimo nikalijaza tope, nikalilainisha kwa koleo hadi likafanana na barabara."

Niliendelea kuchambua maharage. Mabovu kushoto, mazima kulia. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe.

Nilimwuliza kama Tharsisi angemcheka.

"Angenicheka sana," alisema. "Hicho ndicho nilichokiogopa. Kucheka tu."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilijisikiaje, ili niandike ukweli. Nadhani kama angekuwa mtu mbaya ningepata nafuu. Lakini nilimjua. Nilijua pia kwamba siku ile, kama angetangulia Tharsisi, Tharsisi naye angeyatupa magogo. Alikuwa na koleo la kazi hiyo nyuma ya kiti chake. Nililiosha mimi mwenyewe liliporudi.

Omary alianza kuniomba msamaha. Nilimkatiza.

"Leo sina msamaha wa kukupa, usinisumbue. Nenda kaseme yadini, mbele ya Bazilio na wote."

"Bazilio ataniua."

"Hatakuua. Alhamisi anapita pale."

Jumatatu asubuhi madereva walikusanyika kama kawaida kwenye rundo la matairi makuukuu karibu na geti, wakinywa chai ya tangawizi kabla ya kupakia. Omary alisimama mbele yao akasema kama alivyoniambia mimi, bila kupunguza. Nilikuwa dirishani. Alipofika kwenye koleo, Bazilio aliweka kikombe chake chini, akaenda akamshika Omary ukosi wa shati. Hakumpiga. Alimshika tu, wakatazamana, kisha akamwachia kama mtu aliyegusa kitu chenye moto, akapanda lori lake na kufunga mlango.

Mkuu wetu wa yadi, Mzee Stanislaus, alikuwa mtu wa sheria. Dereva aliyenasa na kuchelewesha mzigo alipewa onyo, na maonyo yakizidi aliachishwa kazi. Alinyosha mkono akamwambia Omary akabidhi ufunguo.

Hapo nilitoka. Sijazoea kusema mbele ya wanaume wengi, na nguo zangu zilikuwa nyeusi, kwa hiyo walinyamaza haraka.

"Mzee Stanislaus," nilisema, "ukimfukuza leo, hawa watajifunza kitu kimoja tu kwake: kwamba anayesema hufukuzwa. Na mimi jioni nitaendelea kuambiwa njia safi. Nina mama kule kwenye kizingiti anayesubiri namba tisa. Nataka kujua ni wapi mmenasa. Nyote."

Walitazama vikombe vyao. Mzee Stanislaus alibaki ameunyosha mkono ule, ufunguo haujaja. Kisha Mpawenimana akajikohoza. Huyu alikuwa dereva wa siku nyingi kuliko wote, mrefu, mzito wa maneno, mtu wa upande wa Mabamba. Alisema yeye alinasa wiki iliyopita kabla ya kufika Malagarasi, na magogo yake ameyatupa pia. Mwingine akasema, pale pale? Chini ya mti wa mnyonyo? Basi na yeye ni pale pale, siku mbili kabla. Wa tatu akasema alipopita alikuta tope limelainishwa, akafurahi, akaingia mzima mzima. Kumbe shimo lile lile walikuwa wanalichimba kwa zamu na kulifukia kwa zamu, kila mmoja akidhani ni aibu yake peke yake.

"Basi sote tunaishi bwawa moja," Mpawenimana alisema.

Walicheka, lakini si kile kicheko cha zamani. Mzee Stanislaus aliurudisha mkono wake mfukoni. Alisema Omary ataendelea na lori, na kwamba kuanzia siku hiyo atakayesema amenasa wapi hatapewa onyo, atakayeficha ndiye atakayepewa.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalibadilika siku hiyo hiyo. Hayakubadilika. Asubuhi zilizofuata kila mtu alikuwa na habari za mtu mwingine. "Kuna bwana mmoja, simtaji, aliingia mfereji..." Wote walijua bwana mmoja ni nani, wakamgeukia. Jioni redioni walisita, nikasikia pumzi tu, halafu: "Njia... siyo mbaya." Mpawenimana ndiye aliyepata dawa. Hakulifuta jina la Kambale. Alisema jina likifutwa watalitafuta lingine baya zaidi. Alichofanya ni kuweka lile tairi kubwa kuliko yote katikati, akasema hicho ni kiti cha Kambale. Anayenasa atakaa juu yake asubuhi, atachekwa mpaka chai iishe, kisha atawaeleza wenzake alinasa vipi na alitokaje, na hakuna atakayepakia kabla hajamaliza. Mtu wa kwanza kukikalia alikuwa yeye mwenyewe. Aliinama na kupiga makofi ya salamu kwa hadhira, na ndevu za vidole akajiwekea mwenyewe.

Pale kwenye matairi ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau. Watu hawa walifanya kazi bega kwa bega miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ujuzi. Mpawenimana alijua kutandika magogo: mawili ya kukingama chini kwanza, ndipo ya kulala urefu juu yake, kama mtu anavyoweka daraja la shamba. Wenzake walikuwa wakiyalaza urefu tu, yanazama na tairi. Omary, aliyewahi kuendesha lori kwenye mchanga wa pwani, alijua kupunguza upepo wa matairi mpaka yakatanuka na kushika. Mpawenimana hakuwahi kusikia hilo. Omary hakuwahi kuona magogo ya kukingama. Kila mmoja aliposikia la mwenzake aliuliza tena na tena, akachora ardhini kwa kijiti, akabishana. Niliwatazama kutoka dirishani, nikawaza kwamba darasa lile halikuhitaji mwalimu wala ubao. Lilihitaji mtu akubali kukaa juu ya tairi. Na magogo yakaanza kuachwa mahali pake. Hata akina mama wa vijiji vya kando ya barabara, wanaookota kuni popote, waliyapita bila kuyagusa.

Bazilio alikuwa anakuja, lakini alikunywa chai amesimama. Akiulizwa alisema yeye hana la kusimulia, hajanasa. Salamu ya Omary hakuipokea. Omary hakulalamika. Aliomba ratiba yake ipangwe pamoja na namba tisa, na kila walipofika Mateteni alitangulia, akashuka na fimbo, akachoma ardhi upande wa bondeni hatua kwa hatua, ndipo akapitisha lori lake. Bazilio alisubiri juu, kisha akapita kwenye alama za matairi yake. Walikwenda na kurudi hivyo majuma mengi bila kusemezana. Mama mkwe nilimweleza. Akasema, "Anafuata nyayo za mtu ambaye yeye hamsalimii. Huyo bado hajafika nyumbani."

Machi giaboksi ya namba saba iliharibika, likabaki yadini. Bazilio alikwenda peke yake. Kutwa nzima mvua ilikuwa inanyesha, si kubwa, ile ya kuchuruzika.

Saa kumi na moja niliita namba tisa. Kimya. Mama alikuwa kwenye kizingiti, bakuli mapajani. Niliita tena. Niliwaita wengine wote, wakajibu, nikarudi kwake. Kimya. Mpawenimana, aliyekuwa Kibondo, alisema redioni kwamba Tisa hajafika kule, na kwamba ameiacha barabara ya Mateteni ikiwa mbaya, ameshawaambia wote. Omary alikuwa ametoka chini ya lori lake, mikono ina grisi, akasimama nje ya dirisha.

Niliita mara nyingine. Nilijua redio yake inasikia. Ipo aina ya kimya ambayo mwendesha redio anaijua: kimya cha mtu ambaye kidole chake kiko juu ya kitufe.

"Tisa," nilisema, "shemeji. Mama yuko hapa."

Mikwaruzo. Kisha sauti yake, ndogo.

"Kasulu, hapa Tisa. Nimenasa. Mateteni, upande wa bondeni. Lori limeanza kuinama."

Mama alisikia tisa, akaanza kusimama, akaniangalia usoni, akaketi tena.

Nilimwambia atoke, yeye na utingo wake. Alisema wameshatoka, anazungumza amesimama kwenye ngazi ya mlango. Alisema ametafuta magogo akakosa. Pale karibu ni matete matupu, na tope linaendelea kuteleza chini ya tairi. Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nimekata tamaa kulisikia.

"Omary yupo hapo?"

Nilifungua mlango. Omary alifuta mikono kwenye suruali, akapokea kile kipaza sauti kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Nipo, Tisa."

"Yale magogo yako," Bazilio alisema. "Uliyatupa wapi?"

Omary alifumba macho. Alisema, "Simama nyuma ya lori, utazame kijito. Kuna jiwe jeupe. Chini ya jiwe, mkono wa kushoto, ndani ya matete. Yako manne, ya mti mgumu, hayawezi kuwa yameoza. Punguza upepo kwanza. Halafu mawili ya kukingama."

"Ya kukingama kwanza," Bazilio alirudia.

"Kama alivyosema Mpawenimana. Usikanyage mafuta. Liache lipande lenyewe."

Tulisubiri. Mpawenimana aliingia redioni kutoka Kibondo, akauliza tairi limezama mpaka wapi, akasema ikiwa ni mpaka kwenye nati basi wachimbe mbele kidogo kwanza. Mwingine aliyekuwa Makere akasema anageuza lori, anakuja na mnyororo. Wote walikuwa pale, kila mmoja mahali pake barabarani, wanafundishana mbele ya masikio ya kila mtu, na hakuna aliyeona haya. Mama hakuelewa maneno. Aliniuliza ni nani hao wanaosema wote kwa pamoja. Nilimwambia ni wenzake Bazilio.

Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi hewani.

"Kasulu, hapa Tisa. Nimetoka." Alipumua. "Magogo nimeyaacha hapo hapo. Mawili nimeyasimamisha kando, wanaokuja wayaone."

"Nakupata, Tisa," Omary alisema.

"Njia si safi," Bazilio alisema. "Waambie wote."

Alirudi Kasulu kesho yake mchana. Hakuwa ameosha lori. Tope lilikuwa limekauka mpaka kwenye kioo, na shati lilikuwa lile lile. Alipita mbele ya Omary, akasimama, akainama kidogo na kupiga makofi yale ya taratibu. Omary alipiga yake. Kisha Bazilio akaja mpaka kwenye kizingiti, kwa miguu yake. Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaweka vidole viwili mdomoni kama ndevu. Sikujua ni nani aliyemfundisha.

Asubuhi Bazilio alikalia tairi kubwa. Alichekwa mpaka chai ikaisha. Nilisikia akisema tairi la mbele lilianza kuteleza vipi, na kile ambacho lazima kaka yake alikisikia miguuni kabla ya lori kulala, kwa sababu yeye naye alikisikia. Madereva waliinama mbele kumsikiliza. Sasa naweza kuandika hata hilo: kwamba nimejua, kutoka kwa ndugu yake, dakika ile ilikuwaje.

Jioni niliita namba zote, zikajibu. Mwishoni, chumba kikiwa kitupu, nilibonyeza kitufe mara mbili, kimya kimya, kisha nikaizima redio.